Blanketi la viraka: kumfundisha anayeanza ashone sawasawa bila kumkatisha tamaa

Anayeanza kushona viraka huiacha kazi kwa sababu mbili. Ama alipewa blanketi zima siku ya kwanza, viraka karibu mia, na safu zilipokataa kulingana akaona kazi hii si yake. Ama kila alichoshona kilisifiwa, "imependeza, imependeza," hadi blanketi lilipofuliwa mara moja likaachia kwenye mishono. Mwalimu mkali na mwalimu wa sifa tupu wanampoteza mwanafunzi yuleyule. Kinachomshikilia ni kupewa kazi ndogo anayoweza kuimaliza vizuri, na futi kamba ya kujipimia mwenyewe.

Maelezo haya ni ya anayefundisha: fundi wa Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, aliyeletewa kijana wa kujifunza, mama wa kikundi Kasulu, dada anayemwelekeza mdogo wake nyumbani. Kazi ni tatu, kwa mpangilio huu: kishikio cha sufuria cha viraka 4, foronya ya mto wa kochi ya viraka 16, kisha blanketi la mtoto la viraka 99. Viraka vyote vina kipimo kimoja. Vinakatwa sentimita 12 kwa 12, vinashonwa kwa mshono wa sentimita 1, vinabaki 10 kwa 10. Washonaji wengi wa viraka wa Marekani hutumia mshono wa robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwa mkono usiozoea, na kwa vitambaa vinavyochomoka nyuzi upesi, sentimita 1 ni salama zaidi, na hesabu yake inafanyika kichwani.

Kitambaa

Mabaki ya vitenge hayakosi Kigoma. Kwa mafundi wa sokoni yanajaa mifuko chini ya meza. Shida ni mchanganyiko. Mfuko mmoja una kitenge cha pamba, kitenge cha polyesta, tetroni ya sare za shule, satini ya sare za harusi na jinzi. Mwache mwanafunzi auchambue mwenyewe, maana hapo ndipo anapoanza kuvijua vitambaa kwa vidole. Asipokuwa na uhakika, achomoe nyuzi mbili tatu, azishike kwa koleo dogo juu ya sahani na kuziwasha. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Polyesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Kwa kazi tatu za mwanzo tumia kitenge cha pamba peke yake. Satini huteleza, jinzi ni nzito kuliko jirani zake, na khanga, ambayo ni nyepesi, huvutwa na kitenge kizito kilicho pembeni yake. Khanga inafaa kwa tabaka la chini la blanketi, yaani mgongo wake.

Kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kikae kigumu. Ukiisha, kitambaa husinyaa kidogo, na hakuna vitenge viwili vinavyosinyaa sawa. Viraka vikishonwa bila kufuliwa, vitajikunja vyenyewe baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na mwanafunzi atadhani ameshona vibaya. Rangi nayo ijaribiwe: lowesha kona ya kitambaa, isugue kwa kitambaa cheupe. Nyekundu na buluu iliyoiva ndizo zinazosumbua zaidi. Zikiendelea kutoa rangi hata baada ya kusuuzwa mara tatu, zisikae karibu na nyeupe.

Kukata

Makosa mengi yanayoonekana kwenye cherehani yalitokea kwenye mkasi. Kwa hiyo hapa usiharakishe.

Mwombe seremala akate kipande cha plaiwudi cha sentimita 12 kwa 12. Kipimo cha karatasi ngumu hulika pembeni kila kinapozungushiwa penseli, na ukifika kiraka cha arobaini tayari kimepungua. Hakikisha kipande hicho ni mraba kweli kwa kupima kutoka kona hadi kona: njia zote mbili ziwe karibu sentimita 17, na ziwe sawa. Pande zikiwa 12 lakini njia moja ikawa 17.3 na nyingine 16.6, kimepinda, kirudishwe kwa seremala.

Kisha tafuta uelekeo wa uzi. Mwanafunzi achane ukingo mmoja wa kitenge badala ya kuukata, kwa sababu pamba huchanika kwa kufuata uzi. Apige pasi ukingo huo na kuweka upande mmoja wa plaiwudi sambamba nao. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika mkononi kama mpira. Kinapimwa 12 mezani na kutoka 12.5 kwenye cherehani.

Achore kwa chaki iliyochongwa au penseli, juu ya upande wa ndani. Kalamu ya wino hapana, inapenya na kusambaa ikilowa. Mstari uliochorwa kuzunguka plaiwudi upo nje yake kwa unene wa ncha ya penseli, kwa hiyo mkasi upite ndani ya mstari, mstari wenyewe ubaki kwenye mabaki. Ni jambo dogo, lakini akikata nje ya mstari kila upande unaongezeka karibu milimita 1. Akate tabaka moja, au mawili yakibanwa kwa pini. Ukirundika manne, la chini linateleza na huwezi kuliona.

Akishakata 10 avirundike na kuvigonga mezani kama karata. Kinachochomoza kipimwe upya. Kikiwa kikubwa kipunguzwe; kikiwa kidogo zaidi ya milimita 2 kiwekwe kando kwa majaribio ya cherehani.

Sentimita 1 kwenye cherehani

Hili ndilo somo lenyewe. Mwanafunzi akilishika, mengine yatakuja.

Shusha sindano kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kutoka kwenye ncha yake pima sentimita 1 kwenda kulia, kisha bandika vipande vitatu vinne vya plasta, kimoja juu ya kingine, viwe ukuta mdogo ambao ukingo wa kitambaa utaugusa. Usizibe meno yanayosukuma kitambaa wala kifuniko cha bobini. Mwambie atazame ukuta huo, asitazame sindano. Wanaoanza karibu wote hukodolea sindano macho, na kitambaa huenda kitakako.

Sindano namba 14 na uzi wa kawaida wa polyesta vinatosha kwa tabaka mbili za kitenge. Urefu wa mshono uwe milimita 2.5, yaani mishono 4 ndani ya sentimita. Mshono mrefu kuliko huo huachia. Mfupi sana haufumuki ukikosewa, nao atakosea.

Jaribio ni hili. Ashone viraka vitatu kwa mstari, apige pasi, apime. Urefu uwe sentimita 32, na kiraka cha katikati kiwe 10 kamili. Kikiwa 9.6, mshono wake ni sentimita 1.2, sogeza plasta ielekee sindano kwa milimita 2. Kikiwa 10.4, mshono ni 0.8, isogezwe mbali. Arudie hadi kipimo kitoke mara tatu mfululizo. Viraka vile vilivyowekwa kando ndiyo kazi yake hapa.

Akiuliza milimita 2 zina ubaya gani, mpe hesabu ya blanketi. Safu ina viraka 9 na mishono 8. Kila mshono wa sentimita 1.2 unakula milimita 4 za ziada, mbili kila upande, na mara nane ni sentimita 3.2. Safu iliyotakiwa kuwa 92 inakuwa 88.8. Katika kikundi ambako mama mmoja anashona safu hizi na mwenzake zile, hizo sentimita 3 ndizo zinazozaa ugomvi wa nani alikosea kukata, wakati wote wawili walikata sawa.

Uzi ukifanya vitanzi chini ya kitambaa, tazama uzi wa juu: mara nyingi haujapita kati ya visahani vya kukazia, au vimelegea. Vitanzi vikiwa juu, tazama bobini. Cherehani ikiruka mishono, badilisha sindano kabla hujagusa kitu kingine, kwa kuwa iliyopinda kidogo haionekani kwa macho. Mweleze mwanafunzi mapema kuwa matatizo haya ni ya mashine. Wengi hujilaumu bure.

Kazi ya kwanza na ya pili

Kishikio cha sufuria kina viraka 4 tu, lakini hatua zote za blanketi zimo. Viraka viwili viwili vinaunganishwa, kisha jozi mbili zinaunganishwa, unapata 22 kwa 22. Katikati weka tabaka mbili za taulo kuukuu la pamba. Blanketi la polyesta usiliweke hapa, litayeyuka kwenye moto. Kazi hii inaisha kwa mchana mmoja, na kwa anayeanza, kumaliza kuna thamani kuliko unadhifu: anaondoka na kitu cha kutumia jikoni jioni hiyohiyo. Kipimo cha kuvuka hatua ni kona ya katikati. Mishono minne ikutane, tofauti isizidi milimita 3.

Foronya ya viraka 16, nne kwa nne, inatoka 42 kwa 42 na ikishashonwa inakaa 40. Hii inafundisha safu, na inafundisha pasi.

Pasi inakandamizwa na kunyanyuliwa, haiburutwi. Kuburuta kunapinda viraka. Pasi ya mkaa ikung'utwe majivu nje na kufutwa chini kabla ya kila awamu, na kitambaa cheupe kitandikwe juu ya kazi. Kila mshono kwanza upigwe pasi kama ulivyolala, ndipo ulazwe upande wa kiraka cheusi, yaani chenye rangi iliyoiva zaidi. Ukipanga cheusi na cheupe kwa kupokezana kama ubao wa drafti, na kila mshono ukalazwa upande wa cheusi, mishono ya safu moja italala kulia na ya safu inayofuata kushoto. Safu mbili zikiwekwa uso kwa uso, vivimbe vya mishono vinaingiliana na kujifunga vyenyewe. Mwanafunzi avisikie kwa vidole kabla ya kubana pini. Pini ziwe mbili kwenye kila makutano, moja kila upande wa mshono, na itolewe kabla sindano haijaifikia.

Blanketi la mtoto

Viraka 9 kwa upana na 11 kwa urefu, jumla 99: 50 vya kuiva na 49 vya kufifia. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 kinatoa viraka 9 kwa upana. Sentimita 75 za urefu zinatoa safu 6, yaani viraka 54. Kwa hiyo ukitumia vitambaa viwili tu, sentimita 75 za kila kimoja zinatosha, na unabaki na vya akiba. Tabaka la chini ni 100 kwa 120. Tabaka la kati ni kipimo hichohicho. Utepe wa pindo unahitaji sentimita 35 za kitenge.

Kwa tabaka la kati, fikiria blanketi linakwenda kulaliwa wapi. Kigoma mjini kando ya ziwa, shuka kuukuu lililofuliwa linatosha. Kwa baridi ya Kasulu na Buhigwe, weka blanketi jembamba. Sufi na pamba ya kuchambua ziachie mito: ndani ya blanketi husogea, na baada ya kufuliwa hukusanyika kona moja.

Panga viraka vyote sakafuni juu ya mkeka kabla ya kushona hata kimoja. Mwanafunzi achague mpangilio wake. Hata kama wewe usingeweka kijani kile karibu na kile cha zambarau, nyamaza. Rangi ni zake, vipimo ndivyo vyako. Kila safu ibandikiwe namba ya karatasi upande wa kushoto, la sivyo itageuzwa. Safu zikishonwa, kila moja ipimwe: 92. Iliyopungua au kuzidi kwa zaidi ya sentimita nusu itafutiwe mshono uliokosewa kabla ya kuunganishwa, kwa sababu safu fupi ikivutwa ilingane na ndefu, blanketi halitalala tena. Uso wote ukikamilika uwe 92 kwa 112.

Tandaza tabaka la chini juu ya saruji iliyofagiwa, uso ukitazama chini, na libane kingo kwa plasta. Linyooke, lisikazwe: lililokazwa kupita kiasi hurudi likiachiliwa, na makunyanzi yote yanajitokeza mgongoni. Juu yake tabaka la kati, kisha uso, katikati kabisa, ukibakiza sentimita 4 kila upande. Piga bandi, yaani mishono ya muda ya kushikilia tabaka zote tatu, kwa mkono, uzi mweupe, mishono mirefu ya sentimita 5, mistari ikiachana kama sentimita 15, ukianzia katikati kwenda nje. Bandi inachosha na kila mwanafunzi hutaka kuiruka. Usikubali.

Sasa tabaka zote tatu zinashonwa pamoja kwa mistari: sindano namba 16, mshono wa milimita 3.5. Fanya jaribio kwenye mabaki ya tabaka tatu zilezile. Mistari ya kwanza ipite sentimita 1 pembeni ya mshono, ukianza na mstari wa katikati ya blanketi na kusogea nje, upande mmoja kisha mwingine. Mistari yote ianzie ukingo uleule. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini upesi kuliko la juu, na ukipokezana uelekeo, eneo kati ya mistari miwili linapinda mshazari. Uzito wa blanketi ulazwe juu ya kiti au meza ya pili. Likining'inia linavuta sindano hadi ikatike. Asiye na cherehani yenye nguvu ashone kwa mkono, uzi mara mbili, mishono ya milimita 5. Inapendeza hata zaidi, kwa macho yangu.

Pindo

Punguza tabaka la kati na la chini zilingane na uso. Kata tepe 5 za upana wa sentimita 7, ziunganishe kwa mshono wa mshazari ili unene usirundikane sehemu moja, zikunje katikati kwa urefu na kuzipiga pasi: zinakuwa 3.5. Shona upande wa uso, kingo mbichi zikilingana, mshono wa sentimita 1, ukianzia katikati ya upande na kuacha mkia wa sentimita 15.

Kwenye kona simama sentimita 1 kabla ya ukingo, rudi nyuma mishono mitatu, kata uzi. Kunja utepe kwenda juu, mkunjo uwe mshazari kamili, kisha ushushe uelekee upande unaofuata, mkunjo wa juu ukilingana na ukingo, na anza kushona tena kutoka ukingoni. Kona ikitoka ya mviringo, hakusimama mapema. Ikiwa na tundu, alisimama mapema mno. Mwanafunzi azifanyie mazoezi kona nne kwenye kipande kibovu. Utepe ugeuzwe nyuma na kushonwa kwa mkono, mishono midogo inayojificha, isitokeze usoni.

Pini zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake. Blanketi linakwenda kwa mtoto.

Kusahihisha

Makosa yagawanye mafungu mawili. Ya kufumua: mshono usiofika sentimita nusu kutoka ukingoni, kwa kuwa utaachia, mshono ulioruka, safu isiyolingana, utepe usioshika tabaka la chini. Ya kuacha: makutano yaliyopishana milimita 2, mstari uliotikisika kidogo, ua la kitenge lililotazama chini. Ukifumua kila kitu, hatamaliza. Usipofumua kitu, hatajua tofauti.

Kosa moja kwa siku. Ukiona matano, chagua lile linalozaa mengine, mara nyingi upana wa mshono, na manne yaliyobaki usiyataje. Na usimwambie "hapa umekosea." Mpe futi: "Mdogo wangu, hebu pima kiraka hiki uniambie." Akisema 9.5, muulize kilichobaki kimeenda wapi. Akishajibu mwenyewe, kesho atapima kabla hujamwambia. Sifa nayo iwe na anwani: "kona hii ya tatu imekutana, ulibana pini pande zote mbili." Akisikia hivyo anajua arudie nini.

Usishike cherehani yake. Kishawishi kikubwa cha fundi ni kusema "lete nikuoneshe" na kumaliza safu nzima. Mwanafunzi anabaki na safu nzuri isiyo yake katikati ya zake. Kama ni lazima kuonyesha, onyesha kwenye mabaki. Na usiirekebishe kazi yake usiku akiwa hayupo, maana atagundua.

Kufumua nako kufundishwe. Kwa ncha ya wembe wenye kishikio, kata mshono mmoja katika kila minne upande mmoja wa mstari, kisha geuza na uvute uzi wa upande wa pili, utatoka mzima. Kuvuta viraka viwili kwa nguvu ili uzi ukatike kunavuruga kingo, na kiraka hicho hakitakuwa tena 12. Baada ya kufumua, pasi kwanza, kipimo, ndipo kishonwe upya. Mshono uleule ukifumuliwa mara mbili, badilisha kiraka, kwa sababu kitambaa kilishachoka.

Blanketi likiisha, lifuliwe kwa mkono, maji ya baridi, hapohapo mbele ya aliyelishona, na lianikwe limelala badala ya kuning'inizwa kwa kona. Likikauka, kila mshono ukaguliwe kwa vidole ukielekezwa kwenye mwanga. Palipoachia pazibwe kwa mkono kutoka upande wa uso, mishono ya kujificha, uzi wa rangi ya kiraka cheusi. Siku ya mvua usianze kufua: tabaka tatu hazikauki, na harufu ya uvundo ikishaingia kwenye tabaka la kati haitoki.